Mtoe Mantle kwanza, alafu ndo tuongee dizaini

Agosti 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, nyota wa besiboli wa New York Yankees, iliyotolewa na kampuni ya Topps 1952, namba 311, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6, na tangu hapo kumwambia mkusanyaji wa kadi za besiboli kwamba seti ya 1952 kwa sura haiko juu kihivyo ni kutafuta ugomvi. Atakwambia hii ndo kadi iliyoanzisha kila kitu, atakwambia angalia lile gongo la njano na ile bluu ya nyuma yake, alafu atakutajia tena hiyo milioni 12.6 kana kwamba hukusikia. Sawa. Jibu langu siku zote ni hili: mtoe Mantle. Mtoe na Willie Mays, mtoe na Jackie Robinson, baki na wale jamaa wengine karibu mia nne ambao wajukuu zao wenyewe inabidi waambiwe kwamba babu aliwahi kucheza, panga kadi zao ishirini mezani kisha niambie ulichokuwa unakiona ni dizaini au ni bei.

Maana mijadala ya uzuri wa hizi kadi za zamani, za kabla ya 1980 ambazo wenyewe wanaziita vinteji, inaharibikaga hapo hapo mwanzoni. Mtu anasifia karatasi kumbe anamsifia aliyemo. Chukua Topps ya 1963, kadi namba 537, ile ya mwaka wa kwanza wa Pete Rose: ni vichwa vinne vya vijana wanne vimebanana kwenye kadi moja, Rose mwenyewe kichwa chake kidogo kama kifungo cha shati, na bado watu wanaizungumzia hiyo kadi kwa heshima utadhani kuna mtu aliumiza kichwa kuichora. Au ya Nolan Ryan ya 1968, ambayo amewekwa pamoja na Jerry Koosman na kuzungushiwa pindo lenye sura ya gunia. Gunia kweli, nitalirudia baadaye. Bei iko juu na sura iko chini, na mwenye nayo hawezi kukubali kwa sababu akikubali ni kama anajishushia mali.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, kadi ya besiboli ni karatasi ngumu ndogo yenye picha ya mchezaji mbele na maelezo nyuma, na mtu wa pwani nikimwambia ina pindo, ina mji na ina jina kama kanga, ashaelewa: pindo ni fremu ya pembeni, mji ni ile picha, jina ni la mchezaji na timu yake. Ufundi wote uko kwenye kufanya hivyo vitatu visigombane. Zilianza kuwekwa kwenye pakiti za sigara, baadaye zikahamia kwenye bablishi, na kazi yake ilikuwa kuuza hizo sigara na hizo bablishi, hamna aliyekaa akasema natengeneza kitu cha makumbusho.

Kabla ya rangi kulikuwa na Old Judge, kadi za sigara za kampuni ya Goodwin ya New York, kuanzia 1887 mpaka 1890, picha halisi za rangi ya kahawia zimegundishwa kwenye karatasi ngumu. Hizi inabidi uzisogeze karibu na macho. Kamera za kipindi kile zilikuwa nzito na taratibu, mpira unaoruka zilikuwa haziwezi kuukamata, kwa hiyo mchezaji alipelekwa studio, mpira ukaning'inizwa kwa uzi kutoka juu, jamaa akasimama mikono imenyooshwa anajifanya anaudaka, uso mkavu kabisa, na kwenye kadi kibao uzi wenyewe unauona umeshuka kutoka juu bila aibu yoyote. Wakusanyaji wengine wanaona ni vichekesho. Mi naona zina ukweli fulani ambao kadi za baadaye zimeupoteza, ila kama dizaini hamna kitu pale, ni picha na jina basi.

T206 ndo habari nyingine. Hizi zilitoka 1909 mpaka 1911 kwenye sigara za American Tobacco Company, Piedmont, Sweet Caporal na nyinginezo, na kwa hesabu inayokubalika na wengi seti nzima ni kadi 524, kila moja ina kama sentimita 3.7 kwa 6.7, yani ndogo ajabu, inakaa kwenye kiganja cha mtoto. Jina T206 lenyewe halikuwa la kampuni, ni namba aliyoipanga Jefferson Burdick wa Syracuse kwenye katalogi yake, huyu mzee aliyekusanya vipande zaidi ya 300,000 vya kadi na makaratasi ya matangazo akaviachia Metropolitan Museum of Art ya New York. Picha za T206 zilianzia kwenye kamera lakini zikachorwa upya kwa litografia, rangi moja inapigwa, inakauka, inapigwa nyingine juu yake, na hapo ndo uzuri wake ulipotokea maana mafundi hawakujaribu kuigiza kila kitu kilichokuwa kwenye picha. Walisafisha. Nyuma ya kichwa wakaweka rangi moja tu, nyekundu au kijani au bluu, ama wakachora anga la machweo la rangi ya chungwa, pindo jeupe jembamba, na chini jina na mji wa timu kwa herufi ndogo za kahawia. Basi.

Hapa kila mtu anakimbilia Honus Wagner, kwa sababu kadi yake iliondolewa mapema (wengine wanasema hakutaka kuuza sigara kwa watoto, wengine wanasema alitaka alipwe), zilizobaki ni makumi tu, na moja iliuzwa 2022 kwa dola milioni 7.25. Na mi napenda kuitazama kwa sababu moja ndogo: chini imeandikwa Pittsburg bila h mwishoni, sababu tangu 1891 serikali ya Marekani iliamua mji ule uandikwe hivyo na h yenyewe ilirudishwa 1911, kwa hiyo kadi imeganda ndani ya ile miaka ya katikati. Lakini ukiifanyia T206 ule mtihani wangu, yani ukimwondoa Wagner, ukamwondoa na Ty Cobb na kadi zake nne, ukabaki na wale vijana wa ligi ndogo za kusini ambao hata rekodi zao za kutafuta kwa tochi, kadi bado ni nzuri. Kijana hajulikani, kofia imekaa upande, nyuma yake njano tupu, na unaitazama dakika nzima. Hiyo ndo dizaini.

Kuna kitu kimoja ambacho wanaozisifia T206 wanakipita haraka sana: kwenye hizo kadi zote hamna mchezaji mweusi hata mmoja. Ligi kuu zilikuwa zimefunga mlango, na mlango haukufunguka mpaka Jackie Robinson alipoingia na Brooklyn Dodgers 1947. Wachezaji weusi walikuwepo, timu zao zilikuwepo, ila sigara hazikuwataka. Kwa hiyo mtu akiniambia T206 ni albamu ya besiboli yote ya wakati ule, hapana, ni albamu ya nusu ya nyumba.

Miaka ya thelathini nitaipita haraka. Goudey ya 1933, kampuni ya Boston, kadi 240, rangi kali, na mkanda mwekundu chini unaopiga kelele kuhusu chingamu. Babe Ruth yumo mara nne. Watu wanaipenda sana na sigombani nao, ila ule mkanda mwekundu unakula mji wote, macho yanaenda kwenye tangazo kabla ya kwenda kwa mchezaji. Goudey hao hao 1938 wakaja na kichwa cha picha halisi juu ya mwili mdogo wa katuni, na hiyo mkusanyaji ama anaipenda ama hataki kuiona kabisa, sijakutana na wa katikati.

Sasa turudi kwenye 1952, na nitaisema kwa haki. Sy Berger, kijana wa kampuni ya Topps ya Brooklyn, hao hao wa bablishi za Bazooka, aliipanga pamoja na Woody Gelman, na hadithi inayosimuliwa ni kwamba kazi nyingi ilifanyika kwenye meza ya jikoni kwake. Alichofanya Berger kilikuwa kikubwa. Mpinzani wake Bowman mwaka uliotangulia alikuwa na kadi ya sentimita 5.2 kwa 7.9, Berger akatoka na ya 6.7 kwa 9.5, mtoto akiziweka pamoja moja inaonekana mdogo wa nyingine. Akaweka nembo ya timu, akaweka saini ya mchezaji iliyochapwa, na nyuma akaweka takwimu za mwaka uliopita na za maisha yote ya mchezaji, kitu ambacho mpaka leo kadi zinakifuata. Kama mpango, kama fremu ya kazi, heshima zake zote.

Ila mji wake? Picha za 1952 nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe zikapakwa rangi, na kwa mchezaji wa kawaida ule upakaji unaonekana wazi, mashavu ya waridi kupita kiasi, kofia ya bluu moja isiyo na kivuli, jamaa anakuwa kama ametoka kupakwa poda msibani. Kwa Mantle walibahatisha, macho yanatazama juu, gongo begani, bluu nyuma ikakaa vizuri. Kwa Andy Pafko, kadi namba 1, hawakubahatisha kihivyo, na Pafko ana umaarufu wa aina yake wa kuchekesha: kwa kuwa alikuwa namba 1 watoto waliofunga seti zao kwa raba bendi walimweka juu ya bunda, raba ikamla kila mwaka, na ndo maana Pafko safi ni adimu na ana bei kubwa. Hapo unaona mambo yote yalivyochanganyika, mtu analipa maelfu kwa Pafko na dizaini haimo kwenye hesabu hata kidogo. Na Mantle naye sehemu ya bei ni bahari: kadi za mwisho za 1952 hazikuuzika, zikakaa stoo, na 1960 Berger akazipakia kwenye chombo akaenda kuzitupa Atlantiki. Samaki wamefanya kazi kubwa kuliko mchoraji.

Mwaka unaofuata ndo mtamu zaidi kwa wanaopenda kubishana. 1953 Topps wakaacha kupaka picha wakaamua kuchora kabisa, sura za brashi, na zipo nzuri kweli, ya Satchel Paige hasa (wamemwandika Satchell, l mbili, hawa jamaa na tahajia walikuwa na ugomvi). Bowman wakaenda njia tofauti kabisa: picha za rangi halisi, pindo jeupe, na mbele hakuna neno hata moja. Hakuna jina, hakuna timu, hakuna saini. Picha tu. Ile ya Pee Wee Reese, yuko hewani juu ya mkimbiaji anayeteleza, vumbi limetimka, ndo kadi ambayo karibu kila mkusanyaji mzee ataitaja ukimuuliza picha nzuri kuliko zote, na mimi sina neno, ni picha kubwa.

Lakini ni kadi nzuri? Hapa ndo nagombana na marafiki. Ukimtoa Reese, ukamtoa Stan Musial, Bowman ya 1953 ya mchezaji wa kawaida ni mwanaume amesimama uwanjani mchana anatazama kamera, hujui ni nani, inabidi uigeuze. Kadi imesahau jina lake. Wapenzi wake wanasema huo ndo usafi, dizaini bora ni ile isiyoonekana. Mi nasema huo ni usafi wa picha, na mtu akitaka picha anunue picha. Bowman wenyewe inaelezwa gharama za ile rangi ziliwabana, wakaishia kadi 160 za rangi na nyingine 64 wakazitoa nyeusi na nyeupe.

Na nyuma ya huo urembo kulikuwa na vita vya mikataba. Kampuni iliyokuwa na Bowman wakati huo, Haelan Laboratories, iliishitaki Topps kwa kutumia wachezaji waliokuwa na mkataba na Bowman, na 1953 mahakama ya rufaa ikatoa hukumu ambayo mpaka leo wanasheria wa Marekani wanaisoma, kwamba mtu ana haki juu ya matumizi ya kibiashara ya sura yake, ni mali anayoweza kuiuza. Matokeo yake kwenye kadi unayaona kwa macho: Mantle hayumo Topps ya 1954 wala 1955, Ted Williams alipofunga mkataba na Topps 1954 Bowman wakalazimika kumtoa kwenye seti yao na namba 66 yake akapewa Jimmy Piersall, Musial hakuonekana Topps mpaka 1958. Kwa hiyo mtu anayesema seti ya 1955 ya Topps haina mvuto kwa sababu Mantle hayumo, bana, hiyo ni kazi ya mawakili, mchoraji anahusikaje?

Bowman 1955 wakaja na kadi yenye pindo la mbao za televisheni, mchezaji yuko ndani ya skrini kama anarushwa hewani, televisheni ya rangi wakati huo ikiwa kitu cha matajiri. Wengi wanaicheka. Mi naipenda bila kujitetea, na kwa mtihani wangu inafaulu vizuri tu, maana mchezaji yeyote ukimweka ndani ya TV anakuwa mtu. Mapema 1956 Topps wakainunua Bowman na vita ikaisha.

Na ndo mwaka huo huo Topps wakatoa ninayoiweka namba moja. Kadi za 1956 zimelala, ni ndefu kwenda pembeni. Upande mmoja kuna uso mkubwa wa mchezaji uliopakwa rangi kwa mkono, karibu kabisa, na nyuma yake uwanja mzima na yeye huyo huyo akiwa kazini, anateleza, anarusha, anaruka ukuta. Jina na timu viko kwenye visanduku vya rangi juu kwenye kona, saini inakatiza chini. Ya Jackie Robinson, na huo ulikuwa msimu wake wa mwisho, uso umetulia unatabasamu na kando yake yupo Robinson wa pili chini kwenye vumbi anaiba hom, yani anaponyoka kufika kituo cha mwisho. Watu wawili kwenye karatasi moja, mmoja ana umri wake na mwingine ana miguu yake. Nyuma ya kadi kuna katuni tatu zinazosimulia habari za mchezaji, ambazo mtoto anaweza kuzielewa bila kusoma takwimu.

Sasa lete wa kawaida. Lete mrushaji wa Washington Senators ambaye timu yake ilikuwa inafungwa kila wiki. Uso wake umepakwa rangi kwa uangalifu ule ule, makunyanzi ya macho yapo, na nyuma yake yuko juu ya kilima cha kurushia mpira mkono umepinda. Amepewa hadhi. Ndo kitu ambacho 1952 haikuwapa wale mia nne. Na kasoro zipo, nyuso nyingi zilichukuliwa kutoka seti za miaka miwili iliyotangulia, na kwenye ya Hank Aaron yule anayeteleza nyuma sio Aaron, ni Willie Mays kapakwa kofia ya Milwaukee. Mtu mwingine ataona hilo limeharibu kila kitu. Kwangu hapana, ingawa kwa Aaron mwenyewe ilikuwa dharau, na mwaka uliofuata wakamrudia tena, 1957 wakageuza filamu akaonekana anapiga kwa mkono wa kushoto.

Kuanzia 1957 ukubwa ukashuka ukawa sentimita 6.4 kwa 8.9, ule uliobaki mpaka leo, na picha zikawa za kamera za rangi. Hapo kazi ya mchoraji ikahamia kwenye pindo. Kuna miaka waliipatia, 1965 ile bendera ya pembe tatu kwenye kona yenye jina la timu ni kitu kidogo kilichokaa pake, na kuna miaka walitaka tu kumaliza kazi.

1968 ndo lile gunia. Pindo lote lina nyuzi nyuzi za kahawia kama gunia la mkonge, na kila mtu ana maelezo yake kwa nini. Mi nikitazama 1968 na 1969 kwa pamoja naona kitu kingine kabisa, naona mgomo. Marvin Miller alichukua uongozi wa chama cha wachezaji 1966 akakuta Topps wanampa kijana wa ligi ndogo dola 5 asaini, na akifika ligi kuu dola 125 kwa mwaka, na ndo imetoka hiyo, auze kadi milioni hapati zaidi. Akawaambia wachezaji msikubali kupigwa picha. Wakagoma. Mwisho wa 1968 Topps wakakubali kulipa dola 250 pamoja na asilimia ya mauzo. Lakini katikati hapo wapiga picha walirudi mikono mitupu, na 1969 ligi ikaongeza timu nne mpya, Royals, Pilots, Expos na Padres, wachezaji wamehama na Topps hawana picha zao mpya. Ndo maana ukifungua pakiti ya 1969 unakutana na wanaume vichwa wazi, wengine picha zimezeeka miaka, wengine nembo ya kofia imefutwa kwa rangi nyeusi. Kwenye kadi ya Aurelio Rodriguez ya mwaka huo picha sio yake kabisa, ni ya kijana aliyekuwa anaokota magongo.

Watu wanaiponda 1969 kwamba haina ubunifu. Mimi ile seti siioni mbaya kihivyo, pindo jeupe, duara la rangi juu lenye jina, ni safi kuliko gunia, ila nyuso zake zimechoka na sasa unajua kwa nini zimechoka. Ni wafanyakazi waliokataa kutabasamu kwa dola mia na ishirini na tano.

Alafu ikaja 1971 na pindo jeusi, na hapa lazima niongee na wale wa gredi, yani alama za usafi wa kadi. Mwaka huo Topps walianza kuweka picha za mechi zenyewe kwenye kadi za wachezaji, ile ya Thurman Munson imelala, vumbi, mkimbiaji anaingia, ni moto. Pindo jeusi linaipa picha uzito na herufi ndogo ndogo za jina juu zinakaa vizuri. Lakini ukimsikiliza mkusanyaji wa sasa akiisifia 1971, sikiliza kwa makini: anasifia ugumu wa kuipata safi. Wino mweusi kwenye ukingo unabanduka ukiutazama tu, doa jeupe la ukubwa wa chembe ya chumvi kwenye pembe linaishusha kadi gredi mbili tatu, ndo maana wapo wanaopaka pembe kwa kalamu ya wino mweusi wakidhani hawataonekana. Kadi imekuwa maarufu kwa kuharibika. Tangu PSA, kampuni ya kutoa hizo gredi, waanze 1991 na mizani yao ya 1 mpaka 10, macho ya watu yamehama kutoka mjini yakaenda pembeni, mtu anakuonyesha kadi na kitu cha kwanza anachosema ni pindo la kushoto na la kulia yako sawa, ya mchezaji atakwambia ukimuuliza. Ile Wagner maarufu iliyowahi kuwa ya Wayne Gretzky, yule nyota wa hoki ya barafu, yenye gredi ya juu kuliko nyingine zote, 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri kwamba ndo yeye aliyeikata kingo. Ilikatwa ipendeze kwa rula.

1972 watu wanaiita jiwe la kaburi kwa sababu ya lile umbo la juu la upinde, na rangi zake ni za disko kabla ya disko, jina la timu limeandikwa kama bango la sinema. Kelele tupu, na naipenda. 1973 wakarudi kwenye nyeupe tupu wakaiachia kazi picha, na picha zikawaangusha, ya Steve Garvey amezibwa na mwenzake Wes Parker, mwenye kadi yake haonekani vizuri, mgeni ndo kajaa mbele. 1975 rangi mbili kila kadi, zambarau juu waridi chini, kahawia na chungwa, na hii ndo ambayo watu wa umri fulani hawataki kusikia neno baya.

Hapo pia pana ukweli wa kuukubali, kwamba mtu anapenda kadi za mwaka aliokuwa na miaka kumi, na hoja zake zote za herufi na rangi zinakuja baadaye kutetea mapenzi ya zamani. Mimi sikukua na hizi kadi, zimenikuta mtu mzima, kwa hiyo labda nina faida hapo na labda nina hasara.

Bahati nzuri Topps wenyewe wamefanya jaribio bila kukusudia. Tangu 2001 wanatoa Heritage, ambayo kila mwaka wanachukua dizaini ya zamani kwa mpangilio, 2001 walianza na ya 1952, wanaweka wachezaji wa leo ndani yake. Yani wamemtoa Mantle kwa niaba yangu. 2014 ikaja zamu ya 1965 na bendera ile ilikubali sura yoyote waliyoiweka. 2021 zamu ya 1972, upinde ukafanya kazi yake. 2017 zamu ya 1968, na gunia limeonekana baya zaidi maana picha za sasa ni kali na safi na pindo linazivuta chini.

Iliyonishangaza ni 2005, zamu ya 1956, namba moja yangu. Mpangilio ni ule ule, uso mkubwa, mchezo nyuma, visanduku kwenye kona, na kwa macho yangu haikufika. Kila kitu kipo mahali pake lakini uso ni picha ya kamera tupu, hauna ule mkono wa mtu aliyekaa na brashi akaamua kivuli kiishie wapi. Kwa hiyo kumbe nilichokuwa nakisifia kwenye 1956 sio mpangilio peke yake, ni vibarua wasiojulikana majina waliopaka rangi mamia ya nyuso za watu wasiojulikana majina, na hiyo hakuna namna ya kuirudia kwa kompyuta. Ya mwaka ule yenyewe bado zipo nyingi sokoni, na ukikubali mchezaji wa kawaida na pembe zilizochoka, bei yake haizidi ya chakula cha mchana mjini.